Hiace 5L: mikanda ya alteneta ikilegea inalia, ikikazwa beringi inavuma. Ikazwe kiasi gani?

Mzigo_Kusini

Wakuu habari za leo. Gari ni Hiace ya dizeli, injini 5L. Mbele ina mikanda miwili ya V inayotoka puli ya krenki, inapita puli ya feni na pampu ya maji, inakwenda alteneta inayochaji betri. AC ina mkanda wake pembeni.

Asubuhi ikiwaka tu mikanda inalia sekunde kadhaa, inanyamaza, halafu inalia tena nikiwasha taa kubwa na feni ya ndani kwa pamoja. Mikanda yote imebadilishwa karibuni. Ilikazwa, kelele ikaisha, ila sasa kuna mvumo upande wa alteneta. Ikilegezwa kidogo mvumo unapungua, mlio unarudi.

Naomba kujua kipimo halisi ni kipi, maana kila fundi anabonyeza kwa kidole gumba na kila kidole kina jibu lake. Pili, utaratibu mzuri wa kukaza ni upi? Alteneta hii ina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni, naogopa mtaimbo usije ukavunja kitu. Na kuna anayesema nipake sabuni ya kipande nisahau. Nisaidieni.

---

Spana14

Mkuu, sabuni iache bafuni, nitaisema chini. Tuanze na kipimo.

Kidole gumba chenyewe hakina tatizo. Tatizo ni kwamba mmoja anabonyeza kwa kilo 4, mwingine kwa kilo 12, mmoja karibu na puli, mwingine katikati, kisha wote wanasema "imebonyea nusu inchi". Kipimo cha mkanda kinakwenda na mambo matatu: nguvu, mahali, na urefu wa kipande kilicho hewani kati ya puli mbili. Vitabu vya Toyota hutumia nguvu ya kilo 10, yaani nyutoni 98. Mahali ni katikati ya kipande. Kama kitabu cha injini yako unacho, kitakwambia ni kipande kipi na kinatakiwa kubonyea milimita ngapi, fuata hicho. Kama huna, kanuni ya gereji inayokubalika kwa mikanda ya V ya magari ni hii: kipande cha sentimita 18 hadi 28, kibonyee kama milimita 6, kipande cha sentimita 30 hadi 40, milimita 10 hadi 13. Hiyo ni kwa mkanda uliokwisha kuzoea. Mkanda mpya unakazwa zaidi, ubonyee pungufu kwa milimita 2 au 3.

Na "mpya" ina maana yake. Kwa Toyota, mkanda ukishazungushwa na injini dakika 5 unahesabiwa kuwa uliotumika, hata kama umetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Dakika hizo za mwanzo ndizo unapokaa kwenye mfereji wa puli na nyuzi zake kunyooka. Ukikaza mkanda wa jana kwa kipimo cha mkanda mpya, umeuzidishia. Beringi nyingi hufa hapo.

Kilo 10 utazipataje? Chukua mizani ya ndoano ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, laza rula ndefu ya chuma au ubao ulionyooka juu ya mkanda, ncha moja ikae kwenye puli ya kwanza na ya pili kwenye puli nyingine. Huo ndio mstari wako. Tia ndoano katikati ya mkanda mmoja, vuta kuelekea upande ambao rula haipo, mizani isome 10, halafu mwenzako apime kwa rula fupi pengo kati ya mkanda na ule ubao. Pima mkanda mmoja mmoja. Usiivute yote miwili pamoja, na hili nasisitiza kwa gari lako, nitarudi kulieleza.

Sasa kukaza.

Zima injini, toa ufunguo, toa waya hasi ya betri. Watu wengi huiruka hatua hii, lakini kwenye Hiace unafanya kazi mahali pembamba chini ya siti, na nyuma ya alteneta kuna waya mnene unaotoka betri moja kwa moja. Spana ikigusa hapo na ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Kama kuna betri mbili zilizofungwa sambamba, toa hasi za zote.

Alteneta imeshikwa sehemu mbili: chini kuna boliti ndefu ambayo alteneta inageukia juu yake, upande wa pili kuna boliti ya kufungia inayotembea kwenye mkono wenye tobo refu. Legeza zote mbili, lakini ya chini usiilegeze mpaka ikacheza. Ilegeze kiasi alteneta isogee kwa kusukumwa na ibaki pale ulipoiacha. Ukiiachia kabisa, alteneta inainama mbele kwa uzito wa mvuto wa mikanda, na unakaza ikiwa imepinda.

Kama mkono wako una boliti ya kurekebishia (ndefu, imesimama pembeni mwa boliti ya kufungia), kazi ni rahisi: izungushe nusu mzunguko, pima, nusu tena, pima. Usiizungushe hata kidogo wakati boliti ya kufungia bado imekazwa. Nyuzi zake ni nyembamba, zinakatika, na ukishazikata utabaki na mtaimbo siku zote.

Kama haina, ndipo mtaimbo unapoingia. Ncha yake iegemee kwenye bloku au braketi imara, na iguse gamba la mbele la alteneta, karibu na sikio linaloshika boliti ya kufungia. Gamba la mbele ndilo linalobeba beringi kubwa na ndilo nene. Usiguse katikati kwenye nyaya za shaba, wala nyuma. Huko nyuma ni pampu ya vakyumu, na mabomba yake ya oili. Ukiegemeza mtaimbo pale unaweza kupasua gamba la pampu au kupinda bomba, na oili ikianza kudondoka inakwenda kwenye mikanda.

Ukishapata kipimo, shikilia mtaimbo, kaza boliti ya kufungia kwanza, kisha ile ya chini. Boliti yenye kichwa cha 12 kwa kawaida ina nyuzi za M8, inatosha Nm (nyutoni-mita) 18 hadi 20. Ya kichwa cha 14 ni M10, karibu Nm 40. Halafu pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huivuta alteneta kidogo. Washa injini dakika 5, zima, subiri ipoe, pima kwa kipimo cha mkanda uliotumika. Rudia baada ya kilomita mia kadhaa.

---

Makanika_Mtwapa

Spana14 amemaliza upande wa vipimo. Niongeze kuhusu mlio, maana si kila kelele ya belti ni kulegea, na kukaza kwa kubahatisha ndiko kunakomaliza alteneta.

Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji safi. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), wakati belti inalia, nyunyizia kidogo upande unaogusa puli. Kaa mbali na feni, na shati lisiwe linaning'inia. Mlio ukizidi, belti inateleza: imelegea, au imeng'aa, au kuna kitu kinakataa kuzunguka. Mlio ukikatika kisha ukarudi maji yakikauka, puli hazijanyooka mstari mmoja. Huu wa pili huwa mfupimfupi, kama ndege, na unafuata mwendo wa injini.

Wewe umesema inalia ukiwasha taa na feni ya ndani. Hiyo ni kuteleza. Alteneta ikidaiwa umeme mwingi inakuwa nzito kuzungusha, na puli yake ndiyo ndogo kuliko zote, belti inaikumbatia sehemu ndogo tu ya mzingo. Ndiyo maana belti hutelezea pale kwanza hata kama kwenye krenki imeshika vizuri. Asubuhi ni hivyohivyo: betri imetoa umeme wa plagi za joto na wa stata, alteneta inataka kuurudisha wote mara moja.

Kwa hiyo pima na umeme pia. Betri ikiwa imepumzika iwe karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, taa na feni zikiwa wazi, pandisha mzunguko kidogo: unatakiwa kuona volti 13.8 hadi 14.4 kwenye vichwa vya betri. Ikiwa inashuka chini ya 13 mlio unapoanza, halafu inapanda mlio ukikatika, basi hakuna ubishi, ni kuteleza.

Na kwa injini hizi za L, kuteleza hakuishii kwenye chaji. Alteneta hiyohiyo inazungusha pampu ya vakyumu ya busta ya breki. Injini ya dizeli haipati vakyumu ya kutosha kutoka manifoldi kama ya petroli, ndiyo maana ikawekewa pampu. Belti zikiteleza sana pedali inakuwa ngumu, hasa ukishika breki mfululizo kwenye mteremko. Zikikatika zote, busta ina akiba ya kusaidia mara mbili tatu, baada ya hapo breki zipo lakini unazikanyaga kwa nguvu ya mguu wako tu. Papo hapo pampu ya maji na feni vimesimama. Belti hizi mbili zimebeba mambo matatu, si chaji peke yake.

Jaribio la busta: injini imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iache mguu umekanyaga, washa. Pedali ishuke kidogo. Isiposhuka, na belti ziko sawa, basi angalia pampu yenyewe, bomba na vali ya njia moja.

---

Kijana_wa_Vitz

Mbona mnaifanya ngumu wakuu. Shika mkanda katikati, uzungushe kwa vidole. Ukigeuka robo duara uko poa, ukipita umelegea. Na huo mlio wa asubuhi, sabuni kidogo pembeni au ile spreyi ya mikanda, kazi imeisha.

---

Spana14

Kijana, hiyo ya kugeuza robo duara ilitoka kwenye mikanda bapa. Mkanda wa V ni mnene, una umbo la pembe, unakataa kugeuka hata ukiwa umelegea. Na hata kwa mkanda bapa, kipande cha sentimita 15 na cha sentimita 40 havigeuki sawa kwa vidole vilevile. Inakusaidia kujua kama mkanda umelegea kupita kiasi. Kipimo haikupi.

Kuhusu sabuni na spreyi. Mkanda wa V haushiki kwa chini yake, unashika kwa mbavu zake mbili zinapojikaba kwenye kuta za mfereji. Ukipaka sabuni, kuta zinapata utando, mlio unakatika kwa sababu mpira hauumi na kuachia tena, unateleza kimya. Joto linabaki. Baada ya siku chache mbavu zinakuwa ngumu na kung'aa kama kioo, na mkanda huo hata ukiukaza vipi haushiki. Spreyi za kunata nazo zinakusanya vumbi, na kwa barabara zetu hilo ni msasa. Mafuta ya breki, ambayo wengine hupaka ili mpira uvimbe, yanaulainisha mpira na kuumaliza. Oili na maji ya rejeta yakimwagikia mkanda, ziba uvujaji kwanza halafu badilisha mkanda, kuufuta hakutoshi.

Mzigo_Kusini, sasa nirudi kwa nilichosema cha kupima mkanda mmoja mmoja. Dalili zako (ikikazwa beringi inavuma, ikilegezwa inalia, hakuna pa katikati) zinanifanya nishuku kwamba mikanda yako miwili haina urefu mmoja. Fanya haya kabla ya kununua chochote:

Soma maandishi mgongoni mwa kila mkanda. Utaona kitu kama AVX13 x fulani au AVX10 x fulani. Namba ya kwanza ni upana wa juu kwa milimita, ya pili ni urefu. Ziwe sawa, na kampuni iwe moja.

Pima kila mmoja kwa kilo 10, kipande kilekile. Andika.

Angalia mkanda unavyokaa kwenye puli. Mgongo wake uwe sawa na ukingo wa puli au juu yake kidogo. Ukiwa umezama ndani, ama mkanda ni mwembamba kuliko inavyotakiwa, ama mfereji umelika.

Rudi na namba.

---

Mzigo_Kusini

Asanteni sana. Nimepima. Kipande kirefu ni kati ya puli ya feni na alteneta, sentimita 34. Mkanda wa mbele umebonyea milimita 6, wa nyuma milimita 15. Maandishi: upana ni uleule, urefu ulioandikwa ni uleule, ila kampuni ni mbili tofauti. Wa mbele umekaa sawa na ukingo wa puli. Wa nyuma kwenye puli ya alteneta umezama kidogo. Volti na taa zote: 12.9 mlio ukianza.

Wa AC sikuugusa ila nao unatikisika ukiangalia kutoka mbele.

---

Spana14

Basi ndiyo hiyo. Mmoja umebana mara mbili na zaidi ya mwenzake. Fundi aliyekaza alisikiliza mlio, na mlio ni wa mkanda uliolegea. Akakaza mpaka ule wa nyuma ukanyamaza, na wakati huo wa mbele ukawa umevutwa kupita kiasi, wenyewe ndio unaoikandamiza beringi ya alteneta na ya pampu ya maji. Akilegeza ili beringi ipumue, ule mrefu unaanza kuteleza. Hakuna mahali pa kuiweka hiyo alteneta pakawa sawa kwa yote miwili. Ungeweza kukaza hadi mwisho wa mwaka.

Ila bado hatujajua kama kosa ni la mkanda au la puli. Legeza alteneta, vua yote miwili, ibadilishane nafasi: wa mbele uende nyuma, wa nyuma uje mbele. Weka alama ya chaki usisahau ni upi. Kaza, zungusha krenki kwa mkono mizunguko kadhaa ili ikae, pima tena. Ulegevu ukihama na mkanda, mkanda ndio mrefu. Ulegevu ukibaki nyuma, mfereji wa nyuma wa puli umelika na mkanda wowote utakaouweka pale utazama.

Wakati imevuliwa, zungusha alteneta kwa mkono. Inatakiwa iende laini, na ile pampu nyuma inaleta uzito kidogo, hilo ni la kawaida. Ukisikia mchanga ndani au puli ikicheza juu na chini, beringi imekwisha. Fanya hivyohivyo kwa puli ya feni: shika majani ya feni mawili yanayokabiliana, sukuma na vuta. Ikicheza, au ukiona alama ya maji yaliyokauka kwenye kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, pampu imeanza kuondoka. Kukaza kupita kiasi hakuonekani siku hiyo, kunakuja kuonekana hapo kwenye kitundu.

Mikanda miwili inayofanya kazi pamoja inabadilishwa pamoja, hata kama mmoja bado mzuri, na inanunuliwa kampuni moja, ikiwezekana zenye namba moja ya toleo. Urefu ulioandikwa una uvumilivu wake, viwanda viwili vinaweza kuandika namba moja na vikatofautiana milimita chache, na milimita chache kwenye mkanda ndio tofauti uliyoipima. Dukani usikubali "huu na huu ni sawa tu". Iweke sambamba mezani, ikunje, uone kama inalingana. Njia hiyo haipimi kwa usahihi lakini tofauti kubwa utaiona.

---

Makanika_Mtwapa

Nakubaliana naye. Ila usisahau kuangalia puli kwa jicho kabla hujaweka belti mpya. Futa mifereji kwa kitambaa kikavu, angaza tochi. Kuta ziwe zimenyooka. Zikiwa zimejipinda ndani, au chini ya mfereji kunang'aa, belti imekuwa ikikanyaga chini badala ya kukaba pembeni. Chini ya mfereji wa V kunatakiwa kuwe na kutu au uchafu, kusiguswe kabisa. Puli ya namna hiyo badilisha, la sivyo belti mpya zitakwenda njia hiyohiyo.

Angalia na bushi ya boliti ya chini ya alteneta. Ikilika, alteneta inakaa mshazari ukikaza, na puli yake haikai tena mstari mmoja na nyingine. Laza rula ya chuma kwenye uso wa puli ya krenki hadi ya alteneta, uone kama inagusa zote bila pengo. Kama puli ya krenki ina mpira katikati, tazama huo mpira nao: ukipasuka, duara la nje linatembea taratibu, na leo unanyoosha kesho limesogea.

Kitu kimoja cha mwisho wakati wa kufunga: usiivishe belti kwa kuipinda na bisibisi juu ya ukingo wa puli. Nyuzi za ndani zinakatika bila kuonekana, na belti inakufa mapema ikiwa na mpira mzuri kabisa. Sogeza alteneta mpaka ndani, ivishe kwa mkono.

---

Mzigo_Kusini

Nimebadilishana nafasi. Ulegevu umehama na mkanda. Kwa hiyo mkanda. Puli ya alteneta kuta zake zimenyooka, chini hakung'ai. Beringi ya alteneta inaenda laini, pampu ya maji haichezi.

Na ule wa AC?

---

Spana14

Una bahati, umewahi kabla ya beringi kuharibika. Mvumo mara nyingi huisha mvuto ukirudi sawa. Usipoisha baada ya mikanda mipya, basi beringi imeanza, ibadilishe hiyo beringi wakati alteneta imeshushwa, maana ndipo utakapoangalia na oilisili ya pampu ya vakyumu.

Wa AC haukazwi kwa kusogeza kompresa kwenye mpangilio mwingi wa Toyota, unakazwa kwa puli ya katikati isiyozungusha kitu. Katikati ya puli hiyo kuna nati ya kufungia, na juu au pembeni kuna boliti ndefu ya kurekebishia. Legeza nati kwanza, kama mzunguko mmoja, kisha zungusha boliti: kulia kwa kawaida inakaza. Pima kwa kilo 10 vilevile, kaza nati, pima tena kwa sababu nati ikikazwa puli huinama na mvuto hubadilika. Mara nyingi unalazimika kulegeza na kuacha mvuto pungufu kidogo ili nati ikikazwa ufike unapotaka. Zungusha hiyo puli kwa mkono pia mkanda ukiwa umetoka. Beringi yake ni ndogo, inakwenda kasi, na mlio wake watu huusingizia kompresa.

Kutikisika kidogo AC ikiwa imezimwa si ugonjwa. Kukitokea pigo kila klachi ya kompresa inaposhika, umelegea.

Kama mkanda huo ni wa mbavu nyingi badala ya V, maandishi yake yatakuwa kama 4PK880: mbavu nne, urefu milimita 880. Nunua kwa hiyo namba, usinunue kwa jina la gari, kwa sababu Hiace zenye injini hiyohiyo zimetoka na mipangilio tofauti ya AC.

---

Kijana_wa_Vitz

Haya, nimekubali kuhusu sabuni. Swali la kweli sasa: gari langu lina mkanda mmoja bapa unaozunguka kila kitu na puli yenye springi. Huo nao unapimwa kwa kilo 10?

---

Makanika_Mtwapa

Hapana. Hapo springi ndiyo inayokaza, wewe huna cha kurekebisha. Mkono wa tenshena (hiyo puli yenye springi) una alama, na kwenye bodi yake kuna alama mbili za mwanzo na mwisho. Mkono ukiwa kati ya hizo, mkanda una urefu unaotakiwa. Ukifika alama ya mwisho, mkanda umerefuka, badilisha. Injini ikiwa sailensa mkono utetemeke kidogo tu. Ukirukaruka, springi au kizuia mtetemo chake kimekwisha, na hapo mkanda mpya hautasaidia.

Ila kagua kwanza kama ni tenshena kweli. Magari mengi madogo yenye mkanda mmoja bado yanakazwa kwa kusogeza alteneta, na hiyo puli ya ziada imefungwa palepale haisogei. Kama haina springi, rudi juu kwenye maelezo ya kilo 10.

---

Mzigo_Kusini

Mrejesho: mikanda miwili ya kampuni moja imeingia, toleo moja. Baada ya dakika 5 na kupoa, kipande cha sentimita 34 kinabonyea milimita 10 wa mbele na 11 wa nyuma. Taa zote na feni: volti 14.1, hakuna mlio. Mvumo umepungua sana, bado nausikiliza. Pedali ya breki inashuka ikiwaka. AC nimeikuta nati ya puli imelegea kabisa, nimekaza.

---

Spana14

Iko vizuri. Pima tena baada ya kilomita 300 au 500, ikifika 13 kaza kidogo irudi 11. Mkanda ule wa kampuni ya kwanza uliokuwa mbele usiuweke akiba kwa ajili ya kuunganisha na mwingine baadaye. Kama unataka akiba ya safarini, beba jozi nzima mpya, pamoja na spana 12 na 14.